Kopo la Tisa

Kuna watu wanaoangalia filamu wakila bisi, na kuna mimi. Mimi huangalia na kalamu mkononi. Narudisha nyuma, nasimamisha, natazama tena, mpaka aliyekaa jirani yangu anahama kiti. Dada zangu walishakata kauli kwamba hawaendi nami sinema, maana nawaharibia starehe. Siwalaumu. Nimechagua kazi ya kutafiti jinsi filamu za nchi yetu zinavyosimulia historia yetu wenyewe: nani anapigwa picha usoni na nani mgongoni, nani anakufa kwa muziki na nani anaangushwa nyuma ya gari bila hata kuonekana viatu. Kazi hiyo naiweza, na sioni sababu ya kujifanya siiwezi.

Tasnifu yangu ya uzamivu ilisimama juu ya filamu moja. Jina lake rasmi ni refu na lina neno "mapambano" ndani yake, kwa hiyo kila mtu huiita Machimbo tu. Ilitengenezwa muda mfupi baada ya uhuru, na inasimulia mgomo wa wachonga mawe wakati wa ukoloni. Kila mwaka, sikukuu ya uhuru ikifika, ilionyeshwa bure katika kumbi zote za sinema, watoto wa shule mbele na wakubwa nyuma. Ukimuuliza mtu wa umri wa wazazi wangu mgomo ule ulikuwaje, atakusimulia filamu, na ataapa kwamba anasimulia mgomo.

Inaisha vibaya. Jioni ya kuamkia siku ya mwisho, kiongozi wa mgomo, jitu refu lenye kofia pana, ananyemelea kurudi kwake kumwona mkewe na mtoto. Alfajiri anarudi machimboni kwa wenzake. Askari wanakuja, bunduki zinalia, watu wanaanguka mmoja mmoja, na wa mwisho kuanguka ni yeye. Kamera inabaki kwenye vumbi. Vumbi linafutika, linatokea neno "Mwisho", basi.

Isipokuwa mjini kwetu. Mjini kwetu kiongozi hafi. Anaanguka, ndiyo, lakini anaanguka kijanja, na askari wakishaondoka anajikung'uta vumbi anarudi nyumbani kwake. Waulize wote waliokulia kule wakati ukumbi wetu wa sinema ulipokuwa hai: mwuza mkaa, mwalimu mkuu mstaafu, mama wa kanisani na shehe wa mtaa wa pili. Watakwambia aliwazuga, akarudi, akala na familia yake, na mgomo ukashinda. Mimi mwenyewe sikuiona pale, kwa kuwa ukumbi ulifungwa nikiwa bado nabebwa mgongoni. Nilikua nikisikia tu.

Na watu wa mjini kwetu ni wabishi kupindukia. Kampuni ya maji ilipokata bomba la sokoni, akina mama walibeba vigoda vyao wakaenda kukaa ofisini kwa meneja, wakachambua mboga juu ya zulia lake mpaka maji yakarudi. Mwandishi wa gazeti alipowauliza nani amewatuma, mmoja alimjibu kwamba Machimbo walishinda wakiwa na nyundo tu, wao wana ndimi. Nilipolisoma gazeti lile chuoni nilijua nimepata tasnifu.

Hoja yangu ilikuwa hii. Filamu ya zamani haikai kwenye mkanda mmoja. Inagawanywa vipande, kila kipande kinazungushwa kwenye gurudumu lake na kuwekwa kwenye kopo lake la bati, na mwendesha projekta anayaonyesha makopo kwa zamu. Machimbo ina makopo manane. Mimi nilidai kwamba lilikuwapo la tisa. Nilidai kwamba mwongozaji alitengeneza mwisho wa ushindi, mji wetu ukauona, halafu wakubwa wa wizara wakaupiga mkasi, kwa sababu serikali changa inapenda mashujaa waliokufa: hawaombi kazi, hawaulizi maswali. Na nilikuwa na ushahidi. Nakala pekee ya Machimbo iliyosalimika nchini ilitoka kwenye ukumbi wa mji wetu, na mwishoni mwa makopo mawili ya mwisho palikuwa na makovu. Mtu alikata mkanda pale, akaunga, akakata tena, akaunga tena.

Mhifadhi wa filamu ndiye aliyenionyesha makovu hayo. Ni mzee mwembamba anayevaa sweta mwaka mzima kwa ajili ya baridi ya chumba chake, na sisi watafiti tunamwita Bwana Siki, kwa sababu filamu ikianza kuoza inanuka siki na yeye anaweza kunusa kopo bovu akiwa mlangoni. Aliniwekea mkanda juu ya meza yenye taa chini ya kioo, akanipa glavu nyeupe, nikapitisha kidole juu ya kiungio. Gundi ilikuwa ya zamani, imekuwa rangi ya chai. Nilijiona nimemshika mwizi mkono.

Msimamizi wangu, Profesa, aliipenda hoja hiyo kuliko mimi. Alishaitangaza kwenye mikutano ya nje ya nchi, na barua za pongezi zilikuwa zinaingia. "Kopo la tisa," alikuwa akisema akisugua viganja, "ndilo litakalokupa jina." Alishapanga hata watahini. Kilichobaki kilikuwa kutetea, na mimi, nisiyejua kunyenyekea, nikasema ngoja nirudi nyumbani nirekodi shahidi mmoja zaidi, wa kunogesha.

Shahidi huyo alikuwa fundi viatu mwenye kibanda nyuma ya stendi. Nilimkuta ameshika soli kwa meno. Nikaweka kinasa sauti juu ya mbao zake, nikamuuliza swali nililowauliza wote: Machimbo inaishaje?

"Anarudi nyumbani," akasema, akitoa soli mdomoni. "Wewe si wa hapa? Kila mtu anajua."

"Nisimulie tu, mzee wangu."

"Anaanguka, tunanyamaza. Halafu mara paa, mlango unafunguliwa, yuleee! Ukumbi mzima tunasimama kwenye viti. Sasa sisi watoto tulikuwa na ubishi mmoja ambao haujaisha mpaka leo. Machimboni alikufa kichwa wazi. Sawa? Nyumbani anaingia na kofia. Kofia kaitoa wapi?"

"Mlisemaje?"

"Mimi nilisema aliificha kwenye mawe. Rafiki yangu akasema kaivua kwa maiti. Tukapigana." Akacheka, akasimama, akashika kipande cha ngozi kuonyesha. "Anaingia, anaitundika kofia kwenye msumari. Inaanguka. Anaitundika tena. Inaanguka. Mtoto anacheka, naye anacheka, anamvika mtoto. Mimi hapo ndipo nilipokuwa nikilia kila mwaka, na sijui kwa nini, maana ni jambo la kuchekesha."

Wale wengine waliniambia alirudi, akanawa, akala, na mtu kurudi nyumbani ni kurudi nyumbani tu. Nilidhani ni tukio jingine lililofanana na lile la jioni. Lakini kofia ile naijua. Niliiandikia kurasa nzima. Haikupangwa ianguke. Msumari ulikuwa mbovu, mwigizaji akashindwa kujizuia, akacheka cheko lake la kweli na kutupa jicho upande aliosimama mwongozaji, na mwongozaji kwa busara yake akaiacha hivyo. Bahati ya namna hiyo haipigwi picha mara mbili. Na imo kwenye kopo la saba, kabla ya risasi. Anamwachia mtoto kofia jioni, ndiyo maana alfajiri anakufa kichwa wazi.

Hapakuwa na kopo la tisa. Mtu alionyesha la nane kwanza, kisha la saba.

Nikamshukuru fundi, nikazima kinasa sauti, nikaondoka na hasira zangu. Hasira za nini? Za kujikasirikia mwenyewe, kwanza, kwa kuwa nilijisifu kuwa najua kuangalia filamu na nikaacha kuangalia pale iliponifaa. Na za kumkasirikia mtu mwingine mmoja, kwa sababu mjini kwetu projekta iliendeshwa na mtu mmoja tu tangu ukumbi ulipofunguliwa mpaka ulipofungwa, na mtu huyo ni shangazi yangu.

Mji mzima unamwita Bi Projekta. Aliingia kazi ile akiwa msichana, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na baba. Babu yangu alifia kazini, jiwe lilimwangukia, na bibi akawalea shangazi na baba yangu kwa cherehani ya miguu. Ukumbi siku hizi ni ghala la magodoro, lakini shangazi bado anakaa kwenye vyumba viwili vya nyuma yake, na bado anatengeneza chochote chenye waya. Nilimkuta barazani na feni ya mtu imefumuliwa juu ya meza, bisibisi nyuma ya sikio.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba daktari. Mbona umenuna hivyo, chuo kimeungua?"

"Shangazi, nilikuja hapa na kinasa sauti nikakuuliza kuhusu kopo la tisa. Ukanijibu hukumbuki."

"Silikumbuki mpaka leo. Halikuwapo, nitalikumbukaje?"

"Ulikuwa unaonyesha la nane kabla ya la saba."

Akaishusha feni. Hakushtuka. Alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu nilipofaulu mtihani wa darasa la saba, akavuta kigoda kwa mguu akanisogezea.

"Nani kakwambia?"

"Kofia."

"Eh." Akatikisa kichwa, ameridhika. "Nilijua ile kofia itakuja kunisaliti. Kuna mwalimu mmoja wa hesabu aliwahi kunifuata chumba cha projekta kuniuliza. Nikamwambia filamu ni sanaa, aende zake. Kaa."

Nilikaa, lakini sikunyamaza. Nikamwambia kwamba mimi natarajia kusimama mbele ya watahini na kutetea tasnifu iliyojengwa juu ya kosa lake. Nikamwambia kwamba maprofesa wa nje wanalijua kopo la tisa. Kwamba mimi, damu yake, nimeisingizia wizara ya serikali kwa sababu yeye alichanganya makopo.

"Nani kachanganya?" Hapo ndipo alipokasirika yeye. "Miaka yote ile sikuwahi kukosea kopo. Hata siku umeme ulipokatika mara mbili sikukosea. Nilikata neno 'Mwisho' kule kwenye la nane kwa wembe, nikaliunga mwisho wa la saba, ili watu wasije wakainuka mapema. Na siku waliponiambia nirudishe filamu, nikalirudisha neno mahali pake. Kitu cha serikali kinarudi kilivyokuja. Hayo ni makosa?"

"Basi kwa nini?"

Shangazi alichukua parafujo moja, akaigeuzageuza.

"Siku ya kwanza ilipokuja," akasema, "mama alikuja kuiangalia. Hakuwa mtu wa sinema. Nilimwambia mama njoo, ni filamu ya machimbo, wametuonyesha watu wetu. Nilikuwa na kiburi, nimevaa koti la kazi. Nilimweka safu ya nyuma, karibu na dirisha langu, ili nimwone. Akavua viatu, maana miguu yake ilikuwa inavimba kwa pedeli ya cherehani. Akaangalia vizuri tu, hata kofia ilipoanguka akacheka. Zilipoanza risasi, akainuka akatoka. Akaacha viatu. Nilimkuta baadaye amesimama nje kwenye ukuta wa ukumbi, peku, anatazama barabara."

"Kwa sababu ya babu," nikasema. "Kwa sababu naye alifia machimboni."

"Babu yako hakuangukiwa na jiwe, mwanangu."

Kuna maneno mtu anayaelewa kabla hayajaisha kusemwa. Nilitaka anyamaze na nilitaka aendelee.

"Walimpiga risasi pamoja na wale wengine. Mgomo ule ule. Mimi nilikuwa nimeanza shule, baba yako hajaota meno. Wakubwa wa kampuni ya mawe walitwambia tukimtaja tutafukuzwa kwenye nyumba za kampuni, na tukafukuzwa vilevile. Mama akatuleta huku ambako hatujulikani, akasema jiwe. Alisema jiwe mpaka likawa jiwe. Baba yako amezeeka akijua jiwe."

Miaka nimekaa na filamu ile, nimeipima kwa sekunde, nimeandika juu ya pembe za kamera na vivuli vya bunduki, na mmoja wa wale watu wanaoanguka kwenye vumbi ni babu yangu. Niliumia, na siwezi kulisema vinginevyo. Niliumia pia kwa ajili ya baba yangu, ambaye kila akipita penye lori la mawe huwa anatazama pembeni.

"Kesho yake," shangazi akaendelea, "filamu ilikuwa inaonyeshwa tena. Nikawaza. Huyu mwongozaji ameweka jioni ya kurudi nyumbani, na jioni ile haikuwapo. Baba hakurudi. Walilala machimboni wote, wakilinda zana zao. Sasa kama mtu anarudi nyumbani kwa uongo, kwa nini arudi kabla ya kufa? Si bora arudi baada? Nikachukua wembe."

"Bibi akaja tena?"

"Nilimbembeleza. Nikamwambia mama, leo kaa mpaka nikuambie. Risasi zilipolia nilimwona ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Halafu mlango ukafunguliwa." Shangazi akaiweka parafujo chini. "Tulipokuwa tunarudi nyumbani alisema neno moja tu. Alisema, 'Baba yako hakuwa anacheka hivyo, lakini mwache arudi.' Baada ya hapo hakukosa mwaka. Anakaa pale pale, anavua viatu. Mimi siwashi taa mpaka avivae. Watu wa mbele wanapiga miluzi, taa, taa, na mimi nawaacha wapige. Alikuwa anachelewa kuvivaa makusudi, nadhani. Alikuwa anapenda kukaa gizani kidogo na huyo mtu aliyerudi."

Nilimwuliza kama naruhusiwa kuyasema hayo. Akasema mama yake yuko kaburini, kampuni ya mawe imeshafilisika, na yeye mwenyewe hamwogopi mtu isipokuwa fundi umeme asiyejua kazi. "Ila baba yako nimwambie mimi kwanza," akasema. Alimwambia jioni ile ile, na kilichosemwa kati yao sikukiuliza.

Nilimpigia Profesa simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia kwa sauti ya upole sana kwamba kumbukumbu za fundi viatu si ushahidi, na shangazi si chanzo cha kisayansi, na hakuna anayenilazimisha kuwataja.

"Kopo la tisa ndilo limekufikisha hapa," akasema. "Ukiliondoa, tasnifu yako haina mgongo."

"Basi ilikuwa na mgongo wa kuazima, Profesa. Halikuwapo."

"Nimeshaisemea hoja hii mbele ya watu."

"Na mimi nimeshaiandika kwa wino. Wote wawili tutaona aibu kidogo, halafu tutaendelea na kazi."

Hakupenda. Alinionya kwamba watahini wanaweza kunirudisha nyuma miaka, na alikuwa na haki ya kunionya. Lakini mimi nikiona kitu sijui kujifanya sijakiona. Ni kasoro ya tabia, dada zangu watakuthibitishia. Niliitupa sura nzima niliyoipenda kuliko zote na kuandika nyingine mahali pake. Halafu niliomba utetezi ufanyike kwenye ukumbi mdogo wa hifadhi ya filamu, ambako kuna projekta, na nikamtumia shangazi nauli.

Nitasema mapema kwamba nilifaulu, ili mtu asikae roho juu. Lakini haikuwa lelemama. Mtahini wa nje alikuwa mama mmoja mwanahistoria, miwani yake imening'inia kwa uzi shingoni, na alikuwa na sifa ya kuwaliza wanaume wazima. Aliisoma sura yangu mpya kwa kalamu nyekundu. Profesa alikaa kando, mikono kifuani, kama mtu aliyekuja kwenye harusi ya mkewe wa zamani.

"Nikuelewe," yule mama akasema. "Mji mzima unaamini jambo ambalo halikutokea. Shangazi yako aliwadanganya."

"Ndiyo, mama. Na mwongozaji aliidanganya nchi. Ile jioni ya kurudi nyumbani aliitunga yeye. Hakuna mgomaji aliyerudi kwake. Nimezungumza na waliobaki hai wawili, na wote wanasema walilala machimboni. Mwongozaji aliiweka kabla ya kifo ili tulie vizuri. Shangazi aliiweka baada ya kifo ili mtu mmoja aweze kukaa mpaka mwisho. Wote wawili walikata na kuunga."

"Na wewe upande gani?"

"Mimi ni mtafiti, nataka tujue nani alishika wembe na kwa nini. Wizara niliyoisingizia nimeiomba radhi kwenye dibaji. Lakini nauliza pia: nchi nzima ilionyeshwa kwamba ukigoma unakufa, mji mmoja ukaonyeshwa kwamba unarudi nyumbani, na mji huo ndio uliokwenda kuchambua mboga juu ya zulia la meneja. Hilo halikuwa filamu. Hilo lilitokea. Ndiyo maana nasema historia ya sinema yetu haiko kwenye makopo peke yake, iko pia kwa aliyekuwa akiyapanga."

Yule mama aliandika kitu, akakipigia mstari, na sikuweza kusoma uso wake. Akaweka kalamu chini.

"Basi tuonyeshe," akasema. "Kwa mpango wa shangazi yako."

Shangazi alikuwa juu kwenye chumba cha projekta, amevaa koti lake la zamani la kazi, Bwana Siki akimzunguka kwa wasiwasi. Mzee huyo alikuwa amemkataza asilete wembe hata mlangoni. Walikuwa wameelewana kwamba neno "Mwisho" likifika kwenye kopo la nane, shangazi ataziba lenzi kwa kiganja. Nilisimama ukutani penye swichi, nikazima taa.

Nimeiona Machimbo mara nyingi kuliko mtu yeyote aliye hai, labda ukimtoa shangazi. Lakini kwa kweli sikuwahi kuiona. Bunduki zilipolia sikuangalia pembe za kamera. Niliangalia wale watu wa nyuma, wasio na majina, wanaoanguka mbali karibu na kreni, na nikamtafuta mmoja ambaye angeweza kuwa babu. Kiongozi akaanguka, kichwa wazi. Likabaki vumbi. Kisha giza la kiganja cha shangazi, na kishindo cha kopo likiwekwa juu, na mngurumo wa projekta ukaanza upya.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia na kofia yake.

Nilisikia mtu ameshusha pumzi, na sikuwa mimi. Alikuwa yule mama mwanahistoria. Kofia ikatundikwa, ikaanguka. Ikatundikwa, ikaanguka. Mtoto akacheka, jitu refu likacheka, likamvika mtoto kofia iliyomfunika mpaka puani, likakaa, likampakata, na mtoto akalala kifuani kwake. Mkewe akafunga mlango. Nililia, mbele ya jopo la watahini, kwa sauti, na sikuona haya. Nilimlilia babu niliyeambiwa ni jiwe, na bibi aliyekuwa akimngoja kila sikukuu ya uhuru kwenye safu ya nyuma.

Mkanda ukaisha. Pazia likawa jeupe, shangazi akazima balbu ya projekta, na ukumbi ukawa giza tupu. Nilisikia watahini wakijiweka sawa, mmoja akikohoa, mwingine akikusanya karatasi. Nikajifuta uso na kupapasa ukutani kutafuta swichi.

"Usiwashe," sauti ya shangazi ikatoka kwenye kidirisha cha juu, ya kawaida kabisa, ya mtu aliye kazini. "Ngoja kwanza. Mama hajavaa viatu."

Nikaondoa mkono kwenye swichi, tukangoja.